Jina Kwanza, Jiwe Baadaye: Barua kwa Vijana wa Ngamiani

Wanangu na wajukuu zangu mnaochanga fedha za jiwe la askari wetu aliyekufa Bama (Burma, leo Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia,

Assalaam alaykum. Na wale wa shikamoo, marahaba, nimeitika.

Habari zimenifikia kwamba saruji imepatikana na fundi wa kuchonga anasubiri maneno. Basi asubiri kidogo. Jiwe lenye kosa ni gumu kuliondoa kuliko jiwe ambalo halijawekwa, na makosa huanzia kwenye jina. Ndiyo maana hata mimi simtaji hapa: nyumba yake haijaafikiana aandikweje.

Watu wa Tanganyika waliopigana Burma wengi walikuwa batalioni ya 26 na ya 36 za Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walivushwa kwenda Ceylon (leo Sri Lanka) mwaka 1943, wakaingia Burma katikati ya 1944, mvua za kule zikiwa zimeshika, wakateremka bonde la Kabaw katika matope na malaria, na Desemba wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Kama tarehe ya kifo mliyopewa haiingii katika mwendo huo, ulizeni tena kabla ya kuiandika.

Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Athumani akawa Asmani au Osman, Selemani akawa Suliman, "bin" ikadondoka njiani, na pengine jina la baba likatangulia. Kwa hiyo msitafute kwa jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye intaneti, bure. Ingizeni kikosi na mwaka, kisha someni majina yote yanayotoka, mzee mmoja wa ukoo akiwa ameketi pembeni ayasikie yakitamkwa. Namba ya jeshi ikipatikana, hiyo ndiyo ya kushika, kwa sababu haina tahajia. Ambao makaburi yao hayajulikani wamechongwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, mji ulioitwa Rangoon zamani. Mnara huo una karibu majina 27,000.

Msipomwona, msikate tamaa wala msidhani familia imewadanganya. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba katika Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika, wapagazi na askari. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa sana. Vita vya tarehe 4 Novemba 1914 vilipiganwa hapa hapa mjini, na hadi leo ni rahisi kumtajia mgeni majina ya makamanda, Lettow-Vorbeck wa Wajerumani na Aitken wa Waingereza, kuliko kumtajia askari mweusi mmoja aliyeanguka siku ile.

Sasa nishani, maana hapa ndipo naona mnakwenda kuteleza. Nyota ya shaba yenye ncha sita ni Nyota ya Burma. Walipewa wote waliotumikia kule kwa masharti yaliyowekwa. Ni ya utumishi, si ya ushujaa. Serikali ya Uingereza haikuchonga majina kwenye nyota hizo, kwa hiyo mkiona jina nyuma yake, ni kazi ya sonara. Nishani ya Kijeshi (Military Medal), ya ushujaa, ni nyingine: duara, ya fedha, upana milimita 36, utepe wa buluu iliyokolea wenye mistari mitatu myeupe na miwili myekundu katikati, na nyuma yake maneno ya Kiingereza yanayotaja ushujaa vitani. Ukingoni, kwenye ule unene wake, mmechongwa namba, cheo, jina na kikosi. Someni kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa pembeni. Msiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Waliosugua za kwao kila Idi wamebaki na ukingo laini usiosomeka.

Halafu hili mlipime vizuri. Kwa kanuni za Waingereza kabla ya 1979, askari aliyekwisha kufa hakupewa Nishani ya Kijeshi. Kwa kitendo cha mbele ya adui, marehemu aliweza kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, au kutajwa katika taarifa za vita, basi. Kwa hiyo ikiwa familia inasema alipewa nishani ile ya fedha kwa kitendo kilichomuua papo hapo, hadithi mbili zimeunganishwa. Huenda aliipata kwa pigano la nyuma, akafa katika jingine. Kama alitajwa katika taarifa, alama yake ni jani dogo la shaba linalobandikwa kwenye utepe wa medali ya vita ya 1939–45. Watoto hulipoteza upesi, liulizieni.

Ushahidi wa karatasi uko sehemu mbili: gazeti rasmi la London Gazette, linalotaja jina na nishani, na mafaili ya WO 373 yaliyoko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, yenye maelezo ya kitendo chenyewe. Maelezo hayo aliyaandika ofisa, kwa Kiingereza kikavu. Mkiyatafsiri, msiyapambe. Akiandika kwamba koplo alitambaa akainyamazisha bombom (bunduki ya rashasha) ya adui, andikeni hivyo hivyo. Wala msiandike "alijitolea" bila uhakika; vijana wengi wa Tanganyika waliandikishwa kwa lazima, na hilo halimpunguzii mtu ushujaa wake.

Kuhusu ujenzi wa jiwe lenyewe sina maneno mengi. Hewa yetu ina chumvi. Mchanga uwe wa mtoni, si wa ufukweni, na maji yawe ya bomba. Kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Nondo zifunikwe kwa zege sentimita tano, kwani nondo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Funikeni kwa magunia ya maji siku saba. Bamba liwe la granaiti, herufi zichongwe kina cha milimita tatu, zisipakwe rangi tu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Siku ya kuliweka isiwe 25 Julai. Hiyo ni Siku ya Mashujaa ya Taifa, na viongozi mnaowataka watakuwa kwenye shughuli ya serikali. Barua ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata. Mpiga tarumbeta aombwe mapema kupitia Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Watoto wasivalishwe mabakamabaka ya jeshi, sheria hairuhusu. Bendera iwe ya Taifa au isiwepo kabisa. Ile aliyofia chini yake sioni haja ya kuirudisha Ngamiani. Dua isomwe kabla ya hotuba, si baada, watu wakiwa hawajachoka na jua.

Na chini ya jina mwambieni fundi aache mistari miwili mitupu. Kaburi lake likijulikana, mahali pa kuliandika pawe papo.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga