Unataka kujifunza kubuni magari? Usianze na kitabu cha magari

Wanaokuja dukani kwetu kuulizia vitabu vya kubuni magari wengi ni vijana wa sekondari na vyuo. Wengine ni wazazi wenye mtoto ambaye madaftari yake yote yamejaa michoro ya Lamborghini. Swali lao ni moja: kipo kitabu kinachofundisha kuchora gari? Vipo, tena vingi. Ila vile vinavyoonyesha gari moja hatua kwa hatua hatuviweki rafuni. Ukimaliza kukifuata kimoja, utakuwa umejua kuchora gari lile lile kwa upande ule ule, na siku ukitaka kuligeuza lionekane kwa nyuma, mkono unakwama.

Kinachokwamisha ni perspektivu, yaani namna vitu vinavyozidi kuwa vidogo na mistari inavyokaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Ndiyo sababu kitabu cha kwanza tunachompa mteja si cha magari. Ni Perspective Made Easy cha Mmarekani Ernest Norling, kilichotoka mwaka 1939 na ambacho bado kinachapishwa. Ni chembamba, Kiingereza chake ni chepesi, na michoro yake inajieleza hata kwa asiyependa kusoma sana. Kinaanza na usawa wa macho, na aliyeko Dar analo darasa lake bure. Simama ufukweni Kigamboni: mstari unaokutanisha bahari na mbingu uko sawa na macho yako. Chuchumaa, nao unashuka pamoja nawe. Kilicho chini ya mstari huo unakiona kwa juu, na kilicho juu yake unakiona kwa chini. Ndiyo maana ukisimama kando ya Mark X unaliona paa lake, lakini la Hiace hulioni.

Ukishaweza kuchora sanduku na kuligeuza utakavyo, chukua How to Draw cha Scott Robertson na Thomas Bertling (2013). Robertson amefundisha ArtCenter, chuo cha usanifu kilichopo Pasadena, California, ambako wametoka wabunifu wengi wa kampuni kubwa za magari. Kitabu hiki ni kigumu, tunakwambia mapema. Magari yenyewe yanakuja karibu na mwisho, baada ya sura za gridi, duaradufu (duara lililobanwa) na maumbo, na wengi hutamani kuruka wafike huko. Usiiruke sura ya duaradufu. Tairi ukilitazama kwa mshazari haliwi duara tena, linakuwa duaradufu, na mhimili wake mfupi, yaani mstari unaoikata katikati kwa upande wake mwembamba, lazima ufuate mwelekeo wa ekseli. Ukiona mchoro ambao matairi yanaonekana kama yanataka kuchomoka, angalia hapo kwanza. Jaza karatasi kwa duaradufu tupu, kwa kalamu ya wino, bila kifutio, mkono ukitembea kuanzia begani.

Hadi hapo utakuwa unajua kuchora. Kubuni ni kazi nyingine, na kitabu chake ni H-Point cha Stuart Macey na Geoff Wardle. Kama mteja ana hela ya kitabu kimoja tu na tayari mkono wake ni mzuri, tunamshauri achukue hiki bila kusita. Jina lake limetokana na nukta ya nyonga (kwa Kiingereza hip point) ya mtu aliyeketi garini. Kinakufundisha kuanza na mtu: nyonga yake iko juu kiasi gani kutoka barabarani, miguu inafika wapi, kichwa kinahitaji nafasi gani, macho yanaona nini mbele. Ndipo injini, matairi, tangi na mizigo vinatafutiwa mahali, na umbo la bodi linafuata.

Ukikisoma, barabara zetu utaziona kwa macho mengine. Linganisha Mark X na IST zikiwa zimeegeshwa. Kwenye Mark X, tairi la mbele liko mbali na mlango, kwa sababu injini imelala kwa urefu na inazungusha matairi ya nyuma. IST injini yake imewekwa kwa upana na inavuta kwa mbele, kwa hiyo tairi limesogea karibu na mlango na pua ni fupi. Kijana akichora gari lenye pua ya Mark X na kibanda cha IST, jicho linakataa hata kabla hajajua kosa liko wapi. Hiace nayo dereva anakaa juu ya ekseli ya mbele, injini iko chini ya siti, nyonga iko juu na miguu inashuka. Urefu wote uliobaki ni wa abiria. Hivyo ndivyo alivyofikiri Alec Issigonis kule Uingereza alipobuni Mini ya mwaka 1959. Aliigeuza injini ikae kwa upana, akaiweka gia boksi chini yake, akasukuma matairi madogo ya inchi 10 hadi kwenye pembe, na watu wanne wakaenea ndani ya gari la mita 3 na ushee. Umbo lile linalopendwa hadi leo lilitokana na mpangilio huo.

How to Render (2014), cha Robertson na Bertling pia, kinahusu mwanga, kivuli na mng'ao. Kinunue baadaye. Rangi ya gari inaakisi kila kitu: boneti inabeba mbingu, ubavu unabeba ardhi, na katikati unapita mstari wa upeo wa macho. Tazama gari jeusi likitoka kuoshwa, utauona ukipinda kufuata milango. Kitabu hiki usikichukue cha kutolewa kopi. Rangi na vivuli vikipotea, somo lenyewe limepotea.

Nakala zetu za kupitia zipo mezani. Njoo ukae, ufunue, hata kama leo hununui, na ukija na michoro yako tutaitazama pamoja kabla ya kukushauri kitabu. Mzazi, mlete mtoto mwenyewe. Mara nyingi anachohitaji kwanza ni Norling, karatasi za A3 na kalamu za kawaida, wala si seti ya maka za bei mbaya. Kisichokuwepo tunakiagiza nje kwa malipo ya awali, na tunakwambia gharama yote pamoja na usafiri kabla hujalipa. Vitabu hivi ni vizito, hivyo wanafunzi mkiagiza pamoja usafiri unakuwa nafuu.

Unapoagiza, taja jina la mwandishi, maana vitabu vinavyoitwa How to Draw ni vingi mno na cha Robertson ni kimoja. H-Point nayo ina toleo la 2009 na la 2014. Sisi tunaagiza la 2014, kwa hiyo ukitaka lile la zamani tuambie mapema.