Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msimu wa 2023/24

Ndugu wanachama,

Ada, kadi na matumizi ya chama yamo katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitayarudia. Wengi wenu mmetaka nizungumzie pointi nane ambazo Everton, klabu ya Uingereza tunayoishabikia, imekatwa msimu huu kwa makosa ya fedha: sita baada ya rufaa, kisha mbili.

Tarehe 17 Novemba 2023 tume huru ilitukata pointi 10. Kanuni ya Ligi Kuu ya Uingereza wakati huo iliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Yetu, kwa kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22, ilifika milioni 124.5. Tulikuwa nafasi ya 14 tukiwa na pointi 14. Kabla jua halijazama tulikuwa wa 19 na pointi nne. Mechi iliyofuata katika uwanja wetu wa Goodison Park, mashabiki waliinua kadi za rangi ya waridi zenye nembo ya ligi na neno la kuituhumu ufisadi, wakauzomea wimbo wa ligi kwa sauti moja. Manchester United wakatufunga 3-0. Vijana wa kocha Sean Dyche walijibu Desemba: ushindi wa mechi nne mfululizo bila kuruhusu bao hata moja. Sijawahi kujivunia timu hii kiasi kile.

Hata hivyo kamati yenu haikujiunga na waliotaka kanuni ifutwe. Kikomo tulikivuka, na hesabu zinaonyesha hivyo. Ligi inayoacha wamiliki watumie watakavyo huishia kuzika klabu: klabu ya Bury, iliyoanzishwa 1885, ilifukuzwa katika ligi Agosti 2019 kwa sababu ya fedha, na waliobaki bila timu ni mashabiki.

Tulichokipinga, na tunachoendelea kukipinga, ni adhabu isiyo na kipimo. Kanuni ilitaja kikomo cha hasara lakini haikusema ukikivuka kwa kiasi gani unakatwa pointi ngapi. Ndiyo maana 10 ziliweza kuwa sita kwenye rufaa tarehe 26 Februari, bodi ya rufaa iliposema tume ilikosea kisheria, hasa ilipodai klabu haikuwa mkweli kuhusu mikopo ya uwanja mpya.

Tazameni Nottingham Forest, klabu nyingine ya Ligi Kuu iliyovunja kanuni hiyo. Kikomo chao kilikuwa milioni 61, maana miaka miwili kati ya mitatu walikuwa daraja la chini. Walikizidi kwa milioni 34.5, sisi tulizidi kwa 19.5. Wao wakakatwa nne, sisi tukabaki na sita. Tume iliwapunguzia mbili kwa kukiri mapema na kutoa ushirikiano, na hilo nalielewa. Utetezi wao pia ulikuwa na uzito kibiashara: walimuuza mchezaji wao Brennan Johnson kwa Tottenham kwa bei nzuri zaidi mwishoni mwa dirisha la usajili, badala ya kumuuza kwa haraka kabla hesabu hazijafungwa 30 Juni. Tume haikuukubali. Lakini mwanachama akiniuliza kwa nini aliyezidi zaidi alikatwa pungufu, sina jibu la kumtosheleza, na ligi haijalitoa.

Aprili tukakatwa nyingine mbili kwa kipindi kilichofuata. Msimamo wa ligi ulikuwa ukibadilika ofisini wakati timu ziko uwanjani, na Luton, ambao hawakuvunja kanuni yoyote, walipigania kubaki Ligi Kuu bila kujua wapinzani wao wana pointi ngapi hasa. Rufaa ya Forest ilitupwa tarehe 7 Mei, siku chache kabla ya ligi kwisha. Huo si utaratibu wa haki kwa yeyote.

Tulijiokoa wenyewe. Tarehe 24 Aprili tuliwafunga Liverpool 2-0, mara ya kwanza Goodison tangu 2010, na siku tatu baadaye bao la kiungo wetu Gueye dhidi ya Brentford likatuhakikishia kubaki. Tulimaliza wa 15 na pointi 40. Uwanjani tulivuna 48.

Kamati inaomba idhini yenu kuiandikia ligi kudai mambo mawili: jedwali la adhabu linalojulikana kabla ya msimu kuanza, na hukumu zote, pamoja na rufaa, zimalizike kabla ya robo ya mwisho ya msimu. Pia tunaitaka klabu ieleze mashabiki hali ya madeni yake, kwani mpango wa 777 Partners, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, kuinunua klabu kutoka kwa Farhad Moshiri, aliyekuwa mmiliki wake, ulikufa 2024 na wakati huo mnunuzi mwingine alikuwa hajapatikana.

Hadi msimu wa 2023/24 ulipokwisha, sehemu ya kesi ya pili (iliyotukata pointi mbili), ile ya riba ya mikopo ya uwanja, ilikuwa haijaamuliwa. Uamuzi ukitoka, tutaitisha mkutano.

Mwenyekiti