Vijiaskari sawa, lakini wapagazi wako wapi?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba kanafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba watu wazima wanaokusanya vijiaskari vya kuchezea hawana kazi za kufanya, kwamba ni ulimbukeni wa kuiga wazungu na kushangilia vita vyao. Mimi ni mmojawapo wa hao wasio na kazi, ninavyo kabatini sebuleni, na barua yake nimeisoma mpaka mwisho bila kununa maana kuna mahali kagusa penyewe kabisa ila akapita haraka.

Hili la utoto tulimalize kwanza. Ni kweli vilianza kama midoli, Wajerumani wa Nuremberg walikuwa wanavitengeneza bapa bapa kwa bati tangu karne ya 18, halafu mwaka 1893 kule London kampuni ya William Britain (ndo Britains hiyo) ikaja na ujanja wake, wanamimina madini ya risasi yaliyoyeyuka kwenye kalibu halafu wanayamwaga kabla ya katikati kuganda, linabaki ganda tu, kijiaskari kinatoka kitupu ndani, chepesi na bei chee, Wajerumani wakaanza kuhema sokoni. Ndo hivyo vya urefu wa milimita 54, vya maboksi mekundu, ambavyo leo wazee na heshima zao wanagombania mnadani, na boksi lake la asili likiwepo bei inapaa, ila ukikipaka rangi upya umeshakiua. Churchill utotoni alikuwa navyo kama 1,500. Vya risasi waliacha kuvitoa mwaka 1966 kwa sababu ya mambo ya sumu kwenye vitu vya watoto, kwa hiyo siku hizi kijiaskari cha risasi ni cha mtu mzima, na akishamaliza kukishika akanawe mikono.

Sasa tuje kwenye vita vya wazungu, hapa ndo nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Fungua maboksi ya zamani ya Britains uangalie Mwafrika kawekwa wapi. Kuna seti ya Wazulu wanakimbia na ngao, hao wamewekwa ili mtoto wa Kiingereza apate wa kuwapiga. Halafu kuna seti ya King's African Rifles, na hii inatuhusu sisi moja kwa moja, KAR ile ile ya mababu wa Kenya, Uganda, Nyasaland na baadae hapa Tanganyika. Tarbushi nyekundu, kaki, bunduki begani, wote sura moja na wote wametanguliza mguu ule ule kwa kuwa wametoka kalibu moja. Vikipangwa kwenye rafu vinapendeza, sikatai, mgeni akiingia lazima asogee kuviangalia. Lakini ukikaa navyo kwa muda unaanza kujiuliza, mbona hakuna hata mmoja aliyebeba kitu? Unga wa hawa watu uko wapi, sufuria ziko wapi, na hizo risasi za bunduki zimefikaje porini kusikokuwa na barabara wala reli, na ng'ombe na farasi wanakufa kwa mbung'o?

Jibu kila mtu analijua, zilifika vichwani mwa watu. Vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu vilibebwa na wapagazi, kwa upande wa Waingereza na wenzao peke yake wanakadiriwa kufika milioni moja, waliochukuliwa kwa hiari na waliokamatwa vijijini, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Pale Kariakoo Dar ndipo ilipokuwa kambi yao. Hata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimisha jeshi lake Abercorn (leo Mbala, Zambia), tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wajerumani 155 tu na askari wa Kiafrika elfu moja na mia na ushee, na wapagazi walikuwa wengi kuwazidi askari wenyewe, bila kusahau wanawake na watoto waliokuwa wakitembea na waume zao muda wote huo. Ukitaka kuonyesha vita hivyo kwenye meza kwa haki, basi kwa kila mwenye bunduki weka wabeba mizigo wawili watatu. Nani anafanya hivyo? Kampuni za Ulaya siku hizi zinatoa vijiaskari vizuri sana vya vita vya Afrika Mashariki, wa Mjerumani, wa KAR, rugaruga (wale wapiganaji wasio askari rasmi), ila mpagazi ukimpata kawekwa kama pambo la nyuma.

Na wanamkosea. Niliobahatika kuwaona, sanduku limekaa juu ya nywele moja kwa moja, hakuna kata, na shingo imeinama kama mtu anatafuta shilingi aliyoidondosha. Aliyewahi kutwika ndoo anajua kwamba ukiinamisha shingo hivyo mzigo uko chini saa hiyo hiyo. Kwa hiyo natengeneza wa kwangu. Nachukua vya plastiki vya bei rahisi, nakata bunduki, nakata mkono mmoja begani na kuugeuza juu, shingo nainyoosha kwa sindano ya moto, kata naisokota kwa uzi wa kushonea, na gunia natumia karatasi laini iliyolowekwa gundi ya mbao, ikikauka inashika mikunjo kama gunia kweli. Kazi ngumu iko kwenye magoti, mtu mwenye kilo 25 kichwani hatembei kama askari wa gwaride, anakunja goti kidogo na hatua zake ni fupi, bila hapo anaonekana kabeba boksi la kofia.

Kuna watakaosema kumbukumbu zipo tayari. Zipo. Dar tuna sanamu ya Askari tangu 1927, pale juu kasimama mwenyewe na bunduki yake. Wenzetu Nairobi, Kenyatta Avenue, mpagazi kasimamishwa pamoja na askari, hongera kwao. Lakini sanamu ni kubwa, unaipita na daladala, mtoto wa shule haoni kutokana nayo jinsi mambo yalivyokwenda. Meza ya vijiaskari inamwonyesha nani alikuwa wapi, na mto uko upande gani.

Chukua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Waingereza kaja na watu kama 8,000, wengi kutoka India, Wajerumani na askari wao wako kama 1,000, na Mwingereza akarudi melini mbio akaacha risasi 600,000 nyuma. Ukiweka kijiaskari kimoja kwa watu 20 unahitaji 400 upande mmoja na 50 upande wa pili, vile vidogo vya plastiki vya skeli ya 1/72 vinatosha kabisa, kwenye meza mbili za kulia chakula unaweka bandari, reli na mashamba. Nyuki ndo mtihani (wale nyuki maarufu waliochokozwa na risasi wakatawanya watu), hata kwa vile vya milimita 54 nyuki anakuwa hafiki nusu milimita, nadhani itabidi iwe nukta za wino kwenye waya mwembamba. Halafu meza ya pili ifanywe ya mizinga ya kivita ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 ikatolewa na kuburutwa nchi kavu kwa kamba na mamia ya watu. Mmoja uko Fort Jesus mpaka leo, ukienda Mombasa uusogelee uone ukubwa wa chuma kile halafu uwafikirie walioukokota.

Tajiri wa Kimarekani, Malcolm Forbes, alikuwa na makumbusho ya vijiaskari kule Tangier, Moroko, zaidi ya 100,000, na humo aliweka vita vya Wamoroko wenyewe vya 1578. Alipofariki mwaka 1990 mambo yakaisha, vikauzwa. Sisi hatuhitaji laki moja. Pale Tanga kuna makumbusho ndogo ya Urithi kwenye boma la zamani, na Mwenge kuna wachongaji wanaotoa kila siku watu wadogo wenye mizigo kuwauzia watalii. Waunganishwe hao, wapewe vipimo, kazi ianze na wapagazi, askari wafuate baadae. Kabati lisiwe la mbao maana mbao nyingi, hasa mwaloni, zinatoa mvuke wa asidi na vya risasi vinaota unga mweupe mpaka vinaliwa vyote, ukifungua siku moja unakuta majivu yenye rangi. Chuma na kioo vinatosha, na jua lisipige humo.

Nilipokwama mimi ni kwa wanawake wa askari. Nataka kujua safarini walikuwa wanafunga kaniki vipi, mtoto mgongoni na chungu kichwani, na kama walitembea mwanzo wa msafara au mwisho. Mwenye picha ya zamani nyumbani, au aliyesimuliwa na bibi yake, naomba aandike kupitia gazeti hili.

Mkusanyaji,
Chumbageni, Tanga