Kwa kanga na kwale, geji 20 inatosha

Mhariri,

Mwenye leseni ya uwindaji ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) akiulizia bunduki nyepesi ya kuwindia ndege, mara nyingi huambiwa: "Chukua .410 (bunduki ya marisau yenye mtutu mwembamba), haipigi teke." Huko ni kumpoteza mtu, hasa anayeanza. Katriji fupi ya .410 hubeba gramu 14 tu za marisau, yaani punje ndogo za risasi. Yakifika mita 25 yameachana mno, kanga anapata punje moja ya bawa na moja ya paja, anaanguka, anakimbilia kichakani na haonekani tena. Hiyo ni bunduki ya fundi wa kulenga.

Atakayenisikiliza achukue geji 20. Geji ni kipimo cha tundu la mtutu: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Tundu lake ni milimita 15.6 (wa geji 12 ni 18.5), na ikiundwa kwa fremu (kiunzi cha chuma kinachoshika mtutu) yake yenyewe huwa na uzito wa kilo 2.7 hivi. Nasema fremu yake yenyewe kwa sababu viwanda vingine hupachika mitutu ya geji 20 kwenye fremu ya geji 12. Tundu limepungua, chuma kimeongezeka, na wepesi uliolipia haupo. Omba mizani dukani.

Katriji ya urefu wa milimita 70 yenye gramu 25 za marisau inatosha. Kwa kwale tumia punje za milimita 2.4, kwa kanga, ambaye ana manyoya mazito na hupenda kukimbia mbali kabla ya kuruka, 2.8, na utapata punje 195 hivi. Soma milimita, usifuate namba ya kwenye boksi: namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8, ya Uingereza ni 2.6.

Katriji ndefu za milimita 76 zinavutia macho tu. Mafundi wa zamani wa Uingereza walitaka bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Gramu 28 zinadai kilo 2.7, umeshafika kikomo cha bunduki hii. Gramu 35 zinadai karibu kilo 3.4, ukizirusha kwa bunduki ya kilo 2.7 bega litaumia, na mtu akishaogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua.

Kabla ya kwenda porini, tundika karatasi ya mita moja na robo kila upande, piga kutoka mita 30, kisha chora duara la sentimita 76 pale punje zilipojaa. Ukiona mwanya ambao kwale mzima anapenya, badilisha choki (mbano wa mdomo wa mtutu) au katriji. Piga karatasi tatu, moja hudanganya.

Geji 28 ni tamu mkononi, lakini ulizia katriji kwanza, bunduki baadaye.

La mwisho ni la hatari. Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza, hupita chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa katriji) na kukwama mbele. Mwindaji akichungulia haraka huona chemba tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka palepale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo sababu katriji za geji 20 hutengenezwa za njano. Ya 28 ndani ya geji 20 hufanya vivyo hivyo. Mwenye bunduki mbili awe na mikoba miwili, na akague mifuko ya koti kabla ya kutoka.

Msomaji, Dodoma