Aliyepata sifuri asizikwe mapema

Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtaani tunagawa watoto mara moja: huyu kichwa, yule sifuri, basi. Tunasahau haraka kwamba wengine huchelewa kung'ara. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, mwishoni mwa miaka ya 1960, alishavuka miaka 30. Alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, lakini mtindo wenye jina lake hadi leo unawalisha wachoraji wengi.

Sisemi kila aliyefeli ni Tingatinga. Wengine, tuseme kweli, walicheza tu. Ila mzazi anayemwambia binti yake "wewe wa kuolewa tu" kamjuaje? Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kupo, vyuo vya ufundi vya VETA vipo, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinapokea hata mabinti wenye watoto. Naomba gazeti lako lichapishe taratibu za kujiunga ukurasa uleule wenye picha za waliofaulu.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam