Magurudumu chini ya mto

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kwa uzito wa mtungi wa hewa na viganja vina michubuko. Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliniuliza kwa nini niache bahari na matumbawe yake, niende kuzamia mto wa tope kutafuta mabehewa yaliyoanguka darajani. Kwenye simu nilishindwa kukujibu. Sasa jibu ninalo, kwa sababu juzi nimelishika kwa mikono.

Nasema nimelishika, maana kuona sikuona. Kina kilikuwa mita tisa tu. Tulipopita mita tatu mwanga uligeuka kahawia, na kufika mita sita ulikuwa umekwisha kabisa. Nikawasha tochi, ikawa kama taa za gari kwenye ukungu: nuru yote iligonga chembe za tope ikanirudia usoni. Nikaielekeza chini. Mwenzangu alikuwa karibu hivi kwamba ningeweza kumgusa, lakini nilijua yupo kwa sababu ya kamba iliyotuunganisha. Nikanyoosha mkono, ukagota kwenye chuma.

Mwanzo sikutambua ni nini. Kitu cha mviringo, baridi, chenye utelezi wa mwani. Kisha vidole vikafika kwenye ule ukingo wa ndani uliotokeza, unaozuia gurudumu lisiruke nje ya reli, na moyo ukanidunda. Nikafuata: gurudumu, ekseli, gurudumu la pili, springi za mabapa yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Behewa zima lilikuwa limelala chali, miguu juu. Nililisoma polepole kama mtu asomavyo nukta nundu, na nilipomaliza upande mmoja nilikuwa na picha yake kichwani iliyo wazi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga baharini. Hilo ndilo jibu langu. Baharini natazama, lakini mtoni nalazimika kukijua kitu.

Na mto unatunza, usidhani ni jalala. Chumvi huharakisha kutu, kwa hiyo chuma kilichozama kwenye maji yasiyo na chumvi huishi zaidi. Wale viumbe wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi hawaishi mtoni. Nilipapasa mbao za ubavu wa behewa, bado zimekaza, na misumari ipo mahali pake.

Sasa nikueleze yanayotisha, nawe uyachukue kwa uzito. Adui wetu pale ni mkondo, tena mkubwa kuliko kina. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kukusukuma huongezeka mara nne. Behewa lililolala likiwa na mlango wazi upande wa juu wa mto ni mtego: maji yanaingia huku na kutokea kule kwenye mianya, lakini mtu hapiti. Ukinaswa hapo, maji yenyewe ndiyo yanakubana. Kwa hiyo tuliteremkia upande wa chini wa mto, kwenye kivuli cha mabaki, ambako mkondo umevunjika, na kamba yetu ilifungwa kabla hatujaachia chochote. Ndani ya behewa sikuingia. Nilitamani, nakiri, lakini mafunzo ya kuingia ndani ya mabaki sina bado.

Jambo la pili ni mishipi ya wavuvi. Imenasa kila mahali kwenye chuma, na gizani huioni. Nilipokuwa nageuka nilihisi mtungi umeshikwa nyuma. Nilijaribu kwenda mbele, sikwenda. Hapo ndipo pumzi hutaka kukimbia, na ukiiachia ikimbie hewa huisha upesi. Nikatulia, nikavuta kamba ishara tuliyokubaliana, mwenzangu akafuata mkono wangu hadi begani, akapapasa, akakata kwa mkasi. Ilichukua dakika mbili hivi. Nilishukuru kwamba tulikuwa tumegawa hewa kama desturi: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi isiyoguswa ila kwa janga. Kupanda tulipanda taratibu, si zaidi ya mita tisa kwa dakika, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano tukiwa tumeishikilia kamba, mto ukitupeperusha kama bendera.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria sana wazamiaji wa zamani. Tarehe 28 Desemba 1879, wakati wa dhoruba, sehemu ndefu ya daraja la reli juu ya mto Tay kule Scotland ilianguka treni ikiwa juu yake, na hakuna abiria aliyepona. Daraja lilikuwa limefunguliwa mwaka 1878 tu. Wazamiaji wa wakati ule walishuka na kofia za shaba na hewa iliyopampiwa kwa mpira kutoka mashuani, majira ya baridi kali, wakapapasa gizani kama mimi nilivyopapasa. Lakini wao walikuwa wanatafuta watu. Waliikuta treni ikiwa bado ndani ya vyuma vya daraja vilivyoanguka nayo. Injini yenyewe, namba 224, iliopolewa mwaka 1880, ikatengenezwa na kurudishwa kazini hadi mwaka 1919. Wafanyakazi wa reli waliipa jina la Mzamiaji. Nikiwaza lile jina kila mara nanyamaza kidogo.

Si kila mto unaorudisha kilichozama. Katika mto Rhein, Ujerumani, injini ya treni iliyokuwa ikisafirishwa kwa chombo ilizama mwaka 1852. Mwaka 2018 watafiti walidhani wamepata mahali ilipo, wakachimba, wasiione. Maji huchimbua changarawe chini ya kitu kizito nacho hujizika chenyewe mwaka hadi mwaka.

Mabehewa yetu yalikuwa ya mizigo na hakuna aliyefia ndani, vinginevyo nisingeshuka kwa furaha ile. Hata hivyo tuliomba ruhusa, na hatukutoa hata nati moja. Nilipata bamba dogo la chuma lenye herufi zilizoinuka, limelegea kabisa. Nilipitisha kidole juu yake, nikalirudisha kwenye tope pale pale. Nadhani ungefanya vivyo hivyo.

Sasa wewe. Cheti cha baharini unacho, lakini hakitoshi kwa mto. Tafuta mwalimu akufundishe mkondo na kamba, ujifunze kuvaa na kuvua vifaa ukiwa umefumba macho, na uzoee maji yasiyo na chumvi: hayakubebi kama ya bahari, kwa hiyo vipande vya risasi vya kiunoni, vile vizito vya kutuzamisha, hupungua. Mimi nilipunguza kilo mbili, kisha nikarudisha moja kwa ajili ya mkondo.

Maji yakishuka nitakuandikia tarehe. Kuna behewa la pili upande wa nguzo ya mbali ambalo hatujaligusa, nami nimemwambia mwenzangu tulisubiri mpaka ufike. Njoo na glavu nene.

Wako daima