Barua kwa wanangu mnaofanya biashara: mfuateni mteja aliyenyamaza

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wenye maduka, wenye karakana, wenye ofisi na mnaouza kwa simu. Nimewasikiliza mkizungumza juu ya wateja, nami naona mnamwogopa sana anayelalamika. Mnamwita msumbufu. Naomba mumwogope yule mwingine, anayelipa, anashukuru, kisha harudi tena.

Nyumbani jambo hili mnalijua vizuri. Mtoto akija kukubishia, bado anaamini utamsikiliza. Akinyamaza, akaenda kulala bila neno, mzazi makini huacha shughuli zake akamfuata. Mbona busara hiyo mnaiacha mlangoni mkienda kazini? Mteja mwenye hasira amekuja mwenyewe kukuonyesha kasoro yako, tena bure. Mpe kiti. Msikilize mpaka amalize, usimkatize kwa kujitetea. Mwambie utafanya nini na lini, na siku hiyo ikifika, mtafute kabla hajakutafuta.

Hata hivyo, kumtuliza mtu mmoja hakutoshi. Mjapani Sakichi Toyoda alibuni mtambo wa kufuma, ule wa mwaka 1924, uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, ili usiendelee kutoa kitambaa kibovu. Kampuni ya magari ya Toyota, iliyoanzishwa na mwanawe Kiichiro mwaka 1937, ikarithi wazo hilo. Fundi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba kuomba msaada, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, kazi husimama. Sasa nawauliza: kwenu, kijana wa kaunta ana kamba ya kuvuta? Au akisema kuna tatizo anaambiwa anakatisha watu tamaa? Mficha maradhi kifo humuumbua, na biashara nyingi huficha maradhi yake kwa kuwanyamazisha wafanyakazi walio karibu zaidi na mteja.

Toyota hiyohiyo ina desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Ijaribuni. Mzigo wa mteja umechelewa. Kwa nini? Ulitoka ghalani jioni. Kwa nini? Ilibidi oda iandikwe upya. Kwa nini? Anwani ilikosewa. Kwa nini? Aliyeipokea alikuwa akihudumia watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa nini? Kwa sababu saa ya msongamano mmempanga peke yake. Mkiishia swali la kwanza, mtamfokea dereva, na kesho mzigo utachelewa tena. Mkifika la tano, mtabadilisha ratiba ya zamu. Naona uchungu sana mtu anapoadhibiwa kwa kosa lililopangwa na mkubwa wake.

Juu ya kushusha bei sina mengi. Aliyeondoka kwa sababu ya dharau harudi kwa sababu ya punguzo.

Wiki hii fungueni daftari zenu za zamani. Tafuteni majina ya wateja waliokuwa wakija mara kwa mara na sasa hawaonekani. Wapigieni, na siku hiyo msiwauzie kitu. Waulizeni tu kilichowaondoa, muandike maneno yao kama walivyoyasema, hata yakiuma, kisha muwasomee wenzenu kazini, mkianza na wenye vyeo.

Ni mimi mzee wenu, ninayewapenda.